Homa iliondoka siku ya sita, mimi nimesimama wiki ya tisa. Tuongee kuhusu kasha la dawa la nyumbani (Mwanza)

#1 Ngazi64

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika kwa vipande. Nguvu zikija naandika, zikikata naweka simu chini. Mnivumilie kwa urefu.

Naishi Bugarika, kule juu. Anayeijua Mwanza anaelewa nikisema kule juu: bodaboda inakuacha kwenye duka la chini, unaanza kupanda kwa miguu katikati ya mawe. Hadi mlangoni kwangu ni ngazi 64, nyingine za zege, nyingine ni jiwe lenyewe limeguswa nyundo kidogo. Miaka kumi na moja nimepandisha hapo ndoo za maji, magunia ya mkaa na mimba mbili, sikuwahi kuzihesabu. Mwaka huu nimezihesabu.

Mwanzoni mwa Juni nilianza na koo kuwasha, jioni mwili wote ukauma kama nimepigwa. Usiku wa pili homa ikapanda hadi meno yanagongana. Baba watoto alikuwa Ukara kwenye dagaa, simu haipatikani. Ndani tuko mimi, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa minne. Saa nane usiku nikamwamsha mkubwa aniletee dawa, lile kopo la biskuti linalokaa juu ya kabati. Nadhani kila nyumba inalo.

Nikamwaga vilivyomo kwenye shuka, nikamulika kwa simu. Kulikuwa na vidonge vinne vyeupe kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa "2x3" kwa kalamu ya bluu. Mbili mara tatu ya nini? Hakuna jina la dawa, hakuna jina la mgonjwa, hakuna tarehe. Kulikuwa na kipande cha pakiti ya vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano, kimekatwa kwa mkasi. Upande wenye tarehe ya mwisho ulibaki kwa muuzaji. Chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, sukari imegandia kwenye kifuniko, imeisha muda 2022. Plasta mbili zisizoshika tena. Panadol hata moja hakuna, jirani alikuwa ameazima wiki iliyopita. Kipimajoto sijawahi kuwa nacho.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na dawa, na hakuna hata moja niliyoweza kumeza kwa amani. Nililowesha kanga, nikajifuta, nikanywa maji, nikasubiri kuche. Mwanangu alikaa macho na mimi mpaka adhana ya alfajiri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko homa yenyewe.

Asubuhi nilishuka na kuingia maabara moja ya mtaani. Wakatoboa kidole: malaria hakuna. Wakachukua damu na mkojo: "Una typhoid na UTI." Nikatoka na mfuko wa dawa aina nne. Siku mbili nilizimeza, tumbo likachafuka, homa ipo palepale. Binti wa jirani ambaye anasomea uuguzi ndiye aliyenikokota hadi hospitali ya serikali. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma, akarudia kipimo cha malaria, akarudia mkojo, ukaja msafi. Akaniambia ni virusi, akaniachisha zile dawa, akasema maji, panadol, kulala, na nirudi haraka nikianza kupumua kwa shida.

Siku ya sita homa ikakata. Nilishukuru Mungu, siku ya nane nikafua mablanketi ya nyumba nzima. Siku ya tisa sikuweza kunyanyua kikombe. Nilishuka kuchota maji, wakati wa kurudi nikakaa ngazi ya 23 na ndoo tupu mkononi, nalia. Ndoo tupu, wakuu. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu.

Kikohozi kilienda wiki saba. Ya tatu nilipeleka makohozi kupimwa kifua kikuu, maana kikohozi kikifika wiki mbili hupaswi kuendelea kukibembeleza na tangawizi. Kipimo ni bure na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Sikuwa nacho. Nililala usingizi mzuri siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Sasa kasha langu. Nimenunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana. Nimekiweka chumbani, ukuta usiopigwa na jua, juu ambapo wa miaka minne hafiki hata akipanda kiti. Si jikoni, si juu ya friji. Dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30, na nyumba yangu ni bati bila dari.

Ndani kuna panadol za wakubwa pakiti mbili nzima na ya maji ya watoto yenye kijiko chake. ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) pakiti sita, pamoja na zinki kwa ajili ya watoto wakiharisha. Kipimajoto cha betri. Dawa ya mzio. Bandeji, pamba, plasta, glovu, mkasi ambao haukatii kitu kingine. Chumvi ya kusukutua koo. Na karatasi moja imebandikwa ndani ya mfuniko: uzito wa kila mtoto nilivyoupima mwezi uliopita, dawa anazodhurika nazo mkubwa, na namba za vijana wawili wa mtaani waliokubali kunibeba hadi barabarani saa yoyote ya usiku. Kwetu huku juu hiyo karatasi ni dawa pia. Gari la wagonjwa halipandi mawe.

Ambavyo havimo: antibayotiki iliyobaki, dawa mseto iliyobaki, na bahasha yoyote isiyo na jina.

Ninyi mna nini ndani ya makopo yenu? Na waliopitia uchovu huu wa baada ya homa, mlitokaje? Nawasilisha.

#2 Mzee wa Nyakato

Pole sana mama. Lakini nikuambie ukweli, hiyo ilikuwa typhoid. Mimi kila mwaka wanaikuta kwangu, nachoma sindano naendelea. Madaktari wa siku hizi wakishindwa wanasema virusi. Na kwa nini hukupiga nyungu? Majani ya mwarobaini, mchaichai, malimau, blanketi juu. Mwaka 2020 na 2021 hiyo ndiyo iliyotuvusha.

#3 Nesi Mstaafu Magu

Mwanangu Ngazi64, pole, na hongera kwa kuandika. Nimefanya kazi wodini na zahanati miaka thelathini na kitu, sasa nina duka la dawa muhimu. Nitaongea kidogo kidogo, macho hayataki simu ndefu.

Mzee wa Nyakato, kwa heshima. Kile kipimo cha typhoid cha haraka wanachofanya mitaani kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza. Uliwahi kuugua zamani, au una homa nyingine tu, kinaweza kusema ndiyo. Ndiyo maana wewe "unakutwa nayo" kila mwaka. Typhoid ya kweli inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na hiyo inachukua siku. Usikasirike nami, lakini sindano za kila mwaka zinaweza kuwa zinakuondolea dawa ambayo siku moja utaihitaji kweli. Vijidudu vinazoea. Virusi ndiyo kabisa, antibayotiki haivigusi.

Nyungu sikatai kwa mtu mzima. Mvuke unalainisha pua na kifua, mtu anapata nafuu. Hauui virusi. Ila sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto, hapana. Nimefunga vidonda vya moto vya watoto wa nyungu, sitaki tena.

Sasa kuhusu panadol, maana hapa ndipo watu wazima wanapojiumiza bila kujua. Vidonge vya miligramu 500, mtu mzima ni kimoja au viwili kwa mara moja, apitishe muda wa saa nne hadi sita kabla ya kumeza tena, na visizidi vinane ndani ya saa 24. Mwembamba sana, mlevi au mwenye ini bovu, chini ya hapo na kwa ushauri. Shida ni kwamba paracetamol, ndiyo dawa yenyewe iliyomo kwenye panadol, imejificha. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Kuna vidonge vya maumivu vinavyopendwa sana huku vimechanganya diclofenac na paracetamol. Mtu anameza panadol, anaongeza ya mafua, anaongeza ya mgongo, anadhani kameza dawa tatu, kumbe kameza ileile mara tatu. Ini halitoi kelele mapema. Geuzeni pakiti, someni maandishi madogo.

Watoto ni kwa uzito, si kwa umri wala kwa kijiko cha chai. Miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Ndiyo maana ile karatasi ya uzito ya Ngazi64 nimeipenda sana. Na aspirini msimpe mtoto mwenye homa ya virusi, ipo hatari kubwa kwa ubongo na ini lake.

#4 Ngazi64

Shikamoo mama. Nimegeuza pakiti ya ile ya mafua niliyopewa na mtu kazini. Imeandikwa paracetamol 500. Nilikuwa naimeza pamoja na panadol mbili. Asante, kweli sikuwa najua.

#5 Mzee wa Nyakato

Nesi nimekusikia. Hilo la kuotesha damu sijawahi kuambiwa na mtu. Nitauliza safari ijayo kabla ya kutoa mkono wa sindano.

#6 Nansio Moja

Habari za huko mjini. Mimi nipo Ukerewe, na kabla ya hapo nilikaa kambi za wavuvi visiwa vidogo. Nawapeni upande wetu.

Mjini mtu akikosa panadol saa nne usiku anagonga dirisha la jirani. Kambini, usiku umeingia na ziwa limechafuka, hakuna mtumbwi unaotoka. Unakaa na ulichonacho hadi kuche. Kwa hiyo sisi kasha letu ni kubwa kuliko lenu, na kinachotangulia ni ORS. Kambi nyingi watu wanakunywa maji ya ziwa, na ugonjwa wa kuharisha haungoji. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, zile za kawaida, na ikifika saa 24 mwaga, changanya nyingine. Nimeona mtu anamwaga pakiti nzima kwenye kikombe ili "iwe kali". Hiyo inamzidishia mgonjwa shida, chumvi inakuwa nyingi mno. Pakiti zikiisha kabisa: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe vya kufuta juu, si vya kilima.

Jambo la pili. Ndugu wa kanda hii, ukichoka mwezi wa pili, wa tatu, usikimbilie kusema ni mabaki ya homa. Kama unaoga ziwani, unafua ziwani, unakanyaga matope ya mwaloni pale mitumbwi inapofikia, pima kichocho. Mimi nilizunguka na uchovu na tumbo kujaa karibu mwaka, nasema ni malaria ya ndani. Kilikuwa kichocho cha tumbo. Dawa nilimeza siku moja tu, kwa kupimwa uzito, nikarudi kuwa mtu.

#7 Dada wa Mwaloni

Nansio Moja umesema kweli tupu. Niko Kirumba, naanika na kuuza dagaa, nusu ya wanaolalamika uchovu hapa hawajawahi kupima hicho kitu.

Mimi langu ni viungo. Mwaka jana nilikwenda pwani kwenye msiba, nikarudi na homa ya siku tatu, vipele, na maumivu ya vifundo vya mikono na miguu. Homa ikaondoka, viungo vikabaki miezi minne. Asubuhi siwezi kukunja vidole nikashika fagio, mpaka niviweke kwenye maji ya uvuguvugu. Daktari akasema inafanana na chikungunya. Nikasoma kwamba ugonjwa huo umetambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, uwanda wa juu wa Makonde kule kusini, 1952 na 1953, na jina lake limetoka kwa Wamakonde wenyewe, maana yake kujikunja. Niliposoma hivyo nilitulia. Kumbe watu walishaupitia wakaupa jina, si mimi peke yangu.

Nesi, nilikuwa natumia diclofenac kila siku kwa miezi miwili. Tumbo likaanza kuwaka moto. Ilikuwa sawa?

#8 Nesi Mstaafu Magu

Haikuwa sawa binti yangu, na tumbo lako lilikuambia. Diclofenac na ibuprofen zinachubua tumbo, zinachosha figo, na kwa mwenye presha zinapandisha. Siku chache baada ya chakula, haya. Miezi miwili bila mtu kukuangalia, hapana. Na ile homa ya kurudi nayo pwani, siku za mwanzo usiziguse kabisa kabla hujapimwa, kwa sababu inaweza kuwa dengue, na dengue ukiongeza dawa hizo unakaribisha kutoka damu. Mwanzoni ni panadol na maji tu.

Kwenye kasha la nyumbani mimi siziweki. Maoni yangu.

#9 Winga wa Igoma

Wakuu shikamooni. Nina miaka 23, nacheza mpira, nasaidia fundi wa aluminiamu mchana. Miezi mitatu iliyopita nilipata mafua makali, harufu ikapotea kabisa, nikapona. Au nilidhani nimepona. Nikikimbia dakika kumi, kesho yake nalala kutwa nzima, kichwa kizito, hata kusoma ujumbe siwezi. Vipimo vyote safi. Fundi anasema nimekuwa mvivu. Mama anaamini kuna mkono wa mtu, keshanipeleka kuombewa mara mbili. Wenzangu wananiita babu. Naanza kuamini kwamba tatizo ni mimi.

Ngazi64, wewe uliposema ndoo tupu, nimesoma mara nne.

#10 Ngazi64

Mdogo wangu, tatizo si wewe. Nakuandikia hili nikiwa nimekaa, na nitalimaliza leo hata kama itachukua jioni yote.

Maombi mama aendelee, hayajamdhuru mtu, na anayafanya kwa sababu anakupenda. Ila mwambie kuna jambo hospitalini lina jina. Baada ya Uviko, Shirika la Afya Duniani liliweka maelezo yake 2021: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi mitatu tangu ugonjwa uanze, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna sababu nyingine iliyopatikana. Uchovu, kuishiwa pumzi, kichwa kutofikiri sawasawa. Vipimo kuwa safi hakumaanishi unajifanya. Na si Uviko peke yake, homa nyingine za virusi huacha mtu hivi pia.

Kilichonisaidia ni daftari la shule la mtoto. Kila siku naandika vitu vitatu: nimepanda ngazi ngapi bila kusimama, nimefanya kazi gani nzito, na kesho yake niliamkaje. Nikaona muundo baada ya wiki mbili. Siku mbaya haikuja bure; kila moja ilikuwa na jana yake. Siku ya mablanketi ikafuatiwa na siku mbili za kitandani. Siku ya soko la Mlango Mmoja na kurudi kwa miguu ikafuatiwa na moja. Adhabu inachelewa kufika, inakuja kesho, kwa hiyo wakati unafanya unajiona mzima.

Basi nikaacha kupima nguvu zangu kwa ninachoweza leo. Nikapima kwa ninachoweza leo na kesho nikaamka vilevile. Nikikuta ni ngazi 20, basi ni 20, nakaa kwenye jiwe dakika tano, napanda nyingine 20. Sijikazi. Nikiamka vizuri siku nne mfululizo, naongeza tatu. Kuna wiki nilirudi nyuma kutoka 32 hadi 15, nikalia, nikaanza upya. Kufua nikagawa: leo nguo za shule, keshokutwa shuka. Kupika nilikaa kwenye kigoda. Uji wa ulezi asubuhi, dagaa, mboga za majani, machungwa. Hakuna chakula cha miujiza, ila mwili hauwezi kujijenga kwa chai ya rangi na kiporo.

Na uombe msaada kabla hujaanguka. Mimi nililipa kijana wa maji kwa wiki sita. Ilinikwaza kwa fedha na kwa fahari, lakini ilikuwa nafuu kuliko kurudi kitandani.

#11 Nesi Mstaafu Magu

Winga, mjukuu wangu, kabla ya yote hayo swali moja. Ukikimbia, kifua kinauma? Moyo unaruka au unaenda mbio ukiwa umekaa? Umewahi kuzimia? Virusi vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo, na mchezaji anayelazimisha mazoezi juu ya moyo uliovimba anaweza kuanguka uwanjani. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, huchezi hadi upimwe moyo, kile kipimo cha waya kifuani. Sekou Toure au Bugando wanakifanya.

#12 Winga wa Igoma

Kuzimia hapana. Moyo kwenda mbio ndiyo, usiku hasa. Vipimo nilivyofanya vilikuwa vya damu tu, huo wa waya hapana. Naenda kesho asubuhi, bibi. Naahidi hapa mbele ya wote.

#13 Mama Nyegezi

Nafuatilia tangu jana. Mimi ninao mapacha wa miezi minane na wote wanakohoa. Mama mkwe ananihimiza niwape asali na ndimu. Na nimenunua kile kifaa cha kubana kidoleni kupima hewa, kinanisomea 97 halafu 88 halafu 96, kinanitisha.

#14 Nesi Mstaafu Magu

Asali hapana kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. Ndani yake huweza kuwepo vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga halivimudu, vinatoa sumu ya kulegeza misuli. Mwambie mama mkwe kwa upole, mwaka ukifika atawapa mwenyewe. Kwa sasa nyonyesha mara nyingi, safisha pua kwa maji ya chumvi ya matone. Dawa za kikohozi za dukani usiwape kabisa umri huo. Usiangalie kikohozi, angalia upumuaji: kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, anapumua haraka mno, hanyonyi, analegea au amepata degedege, hapo usiandike humu, ondoka.

Oksimita ya watu wazima haishiki kidole cha kichanga, ndiyo maana inaruka. Na kwa wakubwa: paka rangi ya kucha au hina, inakosea. Kidole cha baridi, inakosea. Jambo jingine wengi hawaambiwi, kwa ngozi nyeusi kama zetu mara nyingine kinasoma juu kuliko ukweli. Kwa mtu mzima 95 kwenda juu ni vizuri. Ikishuka 92 na kubaki hapo, nenda hospitali. Lakini ikisoma 96 na mtu hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, muamini mtu, acha kifaa.

#15 Mama Nyegezi

Wabeja sana mama. Nimewafunua nguo nikawaangalia wakilala, kifua kiko sawa, wananyonya. Nimelala na mimi.

#16 Nansio Moja

Swali la dawa zilizoisha muda. Nilikuwa nazitupa ziwani, najua si vizuri. Wengine mnafanyaje?

#17 Nesi Mstaafu Magu

Si ziwani, tunayanywa hayo maji. Si chooni. Duka la dawa au kituo cha afya kilicho karibu, uliza kama wanapokea. Wakikataa, toa vidonge kwenye pakiti, changanya na majivu au udongo, funga kwenye mfuko, tupa na taka ambako mtoto hafikii. Na usihamishie dawa wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto akimeza usimtapishe, mbebe pamoja na hiyo chupa au pakiti.

Na nyote, mkija dukani kwetu, mwambie muuzaji aandike jina la dawa kwenye bahasha. Muuzaji wa duka la dawa muhimu amefunzwa kufanya hivyo, ndiyo sababu maduka haya yalianzishwa, tangu Ruvuma 2003. Ile "2x3" ya Ngazi64 ni uvivu wetu sisi wauzaji, si ujinga wa mnunuzi. Na pakiti ikikatwa, omba upande wenye tarehe.

#18 Winga wa Igoma

Nimerudi. Kipimo cha waya kimefanyika, daktari anasema moyo uko salama, ila nisicheze kwa wiki nyingine nne na nirudi. Amenisikiliza. Mama alikuwepo, alisikia mwenyewe. Njiani alinunua daftari.

#19 Ngazi64

Winga, umenifurahisha mpaka nimemwita mkubwa aje asome.

Baba watoto amerudi Jumamosi. Nilimfungulia kasha, nikamwonyesha kila kitu, akanyamaza muda mrefu. Kisha akanakili ile orodha kwa ajili ya kambi yao, akaongeza ORS kumi na taa ya kichwa. Lile kopo la biskuti sasa lina vifungo na sindano za kushonea.

Leo nimepanda zote 64. Nimepumzika mara moja, ngazi ya 41, kwenye lile jiwe pana ambalo ziwa linaonekana. Kesho nafua shuka mbili tu.